Sauti ya Mtu ni Amana



Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuambiwa kwamba sauti huishi baada ya mwenyewe kuondoka. Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928, akaimba ili sauti yake itiwe katika santuri. Alifariki mwaka 1950, lakini anayezipata nyimbo zile leo humsikia kama yu ukumbini, na ndani yake husikia Unguja ya zama zile, na mizaha yake na dhulma zake.

Nakuandikia kutoka Omurushaka, mkoa wa Kagera, mahali barabara ya Kyerwa inapoachana na ile ya Kayanga, nami hapa nasomesha watoto chuoni. Wazee wetu wa misafara walifika Karagwe zamani. Speke alipokaribishwa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861, biashara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kufika huku, na Kafuro palikuwa kituo chao. Je, walizungumza nini jioni, walipokumbuka kwao? Hatujui. Yamebaki majina machache tu, tena katika vitabu vya wageni.

Kwa hiyo niliposikia kuwa vijana wawili, wanafunzi wangu wa zamani, wanazunguka mjini na kinasa sauti, nilifurahi. Hunasa mngurumo wa malori, kelele za wapiga debe, gumzo la sokoni kwa Kinyambo na Kiswahili, kisha huzipanga sauti hizo pamoja na masimulizi ya wazee, ili mtu afumbe macho ausikie mji ulivyokuwa na ulivyo. Wenyewe huiita sanaa ya sauti. Mimi nasema ni kuhifadhi, na kuhifadhi kuna adabu zake.

Siku moja walikwenda kwa mama mmoja mtu mzima, aliyekimbilia huku mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia kaskazini ya mto Kagera na daraja la Kyaka likavunjwa. Aliwasimulia tangu adhuhuri hata alasiri: njia, njaa, mtoto mgongoni. Alipofika mahali fulani aliishusha sauti, akautazama mlango, kisha akaendelea. Vijana wakanijia na furaha. "Shekhe, kipande kile ndicho kitakachowaliza watu. Ndicho tutakachokitanguliza."

Nikawauliza: "Alipoutazama mlango, mashine yenu ilinasa nini?"

Wakasema: "Kimya tu."

Basi, ndugu msomaji, kimya kile ndicho chenye hukumu. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea hadithi kwamba mtu akizungumza jambo kisha akageuka kutazama kando, jambo lile limekuwa amana. Hakuhitaji kusema "usiseme". Shingo yake imekwisha kusema. Na kinasa sauti, hata kiwe cha thamani namna gani, hakina macho ya kuiona shingo ikigeuka. Macho hayo ni ya yule anayekishika.

Niliwarudisha kwake. Yule mama akasema: "Wanangu, ya njaa na ya njia wasikilizeni watu wote. Yale mengine niliwaambia ninyi, sikuuambia mji." Kipande kikafutwa mbele yake. Kijana mmoja aliona uchungu, nami sikumlaumu, kwani ni kweli kazi yao ilipungukiwa.

Huenda ukasema: dhulma isipotajwa, si itasahauliwa? Swali zuri. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 148, aliyedhulumiwa ameruhusiwa kuudhihirisha ubaya aliotendewa. Lakini ruhusa hiyo ni yake, si ya mwenye mashine. Akitaka kusema, ni wajibu wetu kumsikiliza. Akitaka kusitiri, ni wajibu wetu kumsitiri.

Adabu ya pili ni isnadi. Maulamaa wetu hawakuipokea hadithi ila waliuliza: umeisikia kwa nani, naye kwa nani? Mwingereza Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akinasa nyimbo, zikiwamo za wapiga enanga wa Kihaya, majirani zetu hawa, aliandika maelezo ya waliopiga na mahali walipopigia. Mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya sauti huko Afrika Kusini, na kwa sababu ya maandishi yale nyimbo hizo zinajulikana ni za nani. Sauti isiyo na jina, siku wala mahali ni kama mtoto aliyeokotwa njiani: utamlea, lakini hutajua nasaba yake.

Basi usidhani maneno haya ni ya Omurushaka peke yake. Leo karibu kila nyumba ya pwani ina simu inayonasa sauti, na katika nyumba nyingi yuko bibi au babu aliye bado na akili zake. Usingoje matanga. Mwombe idhini, mwulize kuhusu mtaa wake, kisima chake, harusi yake. Taja jina lake na tarehe mwanzoni mwa kanda. Ukimaliza, mpigie asikie, umwulize: lipi libaki, lipi liondoke? Na anapozungumza, usiitazame mashine. Mtazame yeye.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhifadhi na wenye kusitiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.