Damu ya Waliojiona Wazima

Mombasa, Ijumaa 8 Mei 2020

Mji wa Kale umefungwa, shule zimefungwa, na wanafunzi ndio waliokuwa wakitujazia akiba ya damu. Leo wamekuja wachache, wote wazima: mwenye homa au kikohozi hatumtoi damu. Ikishapimwa ukimwi, homa ya ini na kaswende, kiasi kinachobaki kinapelekwa kwa watafiti wa taasisi ya KEMRI, Kilifi, kutafutwa kingamwili za korona. Kipimo cha pua humwonyesha aliye na virusi sasa. Kingamwili hubaki hata virusi vikishaondoka. Natamani kujua wazima wetu hawa wamepitia nini.

Jumanne, 16 Juni

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wametangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa korona kwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu tuliyoizoea miaka mingi. Vifo vimepungua kwa thuluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Alhamdulillahi. Asiyehitaji oksijeni haikumfaa.

Jioni mama mdogo kapiga simu, anataka nimnunulie aweke ndani.

“Hapana, mama. Hii hutuliza kinga iliyopandwa na hasira ikageukia mapafu. Mwanzoni mwa ugonjwa, kinga hiyohiyo ndiyo inayokupigania.”

“Sasa sisi wa nyumbani tutatibiwa na nini?”

Alhamisi, 12 Novemba

Utafiti wa Kilifi umetoka jana katika jarida la Science. Wamepima sampuli 3,098 za watoaji damu, za kuanzia 30 Aprili hadi 16 Juni. Baada ya kusahihisha hesabu, asilimia 4.3 walikuwa na kingamwili. Mombasa, asilimia 8. Kwa watu wazima wa Kenya nzima, hao ni zaidi ya milioni moja, ilhali hadi mwisho wa Julai visa vilivyotangazwa vilikuwa kama 20,000. Nimewakumbuka waliokunja mikono ya shati mbele yangu, wakicheka. Hata hivyo, wasio na kingamwili bado ni wengi mno. Barakoa zisivuliwe.

Jumatano, 25 Novemba

Jana umezinduliwa utafiti wa dawa za korona, ANTICOV: nchi 13 za Afrika, Kenya ikiwemo, wagonjwa 2,000 hadi 3,000 ambao hali zao si mbaya, watibiwe kabla ya kufikia oksijeni. Hilo ndilo swali la mama mdogo. Korona yetu inapita majumbani, na vitanda vya ICU ni vya kuhesabu. Utafiti unaongoja mgonjwa azidiwe unawaacha nje walio wengi. Nimempigia kumweleza kwamba makundi ya wagonjwa yatalinganishwa, dawa kwa dawa, hadi ijulikane ipi inaponya. Mpaka hapo, simnunulii mtu dawa kwa kusikia.