Kiti cha Siyu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wageni walikuwa wakimiminika Lamu, na vyombo vya kale vikitoka. Milango ya nakshi, makasha ya misumari ya shaba, sahani za China zilizorithiwa mama kwa binti: vyote vilikuwa na bei, na madalali walijua nyumba ipi ina deni. Wakati huohuo James de Vere Allen alikuwa akivikusanya vingine kwa ajili ya Makumbusho ya Lamu. Wengi wetu hatukuona tofauti, mpaka tulipoyaingia makumbusho na kukuta vya kwetu vimebaki kwetu.

Mjomba wangu alikuwa seremala. Bwana mmoja wa Mkomani, aliyerudi kutoka Mombasa, alimwita aitengeneze nyumba ya bibi yake na kuitia vyombo vya pwani yetu. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba randa na patasi.

Yule bwana alikuwa ameshanunua kabati kubwa la nguo. Mjomba alilizunguka, akapima. Dari za nyumba za mawe hukaa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Haufiki mita tatu. Kabati lile lingekula njia na kuuziba ukuta wa zidaka.

"Bwana, nyumba hii ina makabati yake ukutani," mjomba akamwambia. "Tutafute vitanda na kiti."

Vitanda virefu vya miguu ya kukerezwa tulivipata hapahapa mjini. Kiti tulikifuata Siyu, kwenye kisiwa cha Pate. Mashua haiingii Siyu mpaka maji yajae, basi tulishinda nje ya mikoko tukingoja. Mji ule ulisifika kwa mafundi wa mbao na ngozi na wanakili wa misahafu. Bibi mmoja alitutolea kiti cha enzi kikiwa vipande, kimeviringishwa ndani ya mkeka, maana viti hivi hufunguliwa na kuungwa tena. Kilikuwa cha mpingo, kimepachikwa pembe, na nyuzi za mgongo zimekatika. Alikipapasa kila kipande kabla ya kumpa mjomba.

"Kitakaa wapi, mwanangu?"

"Ukumbi wa msana wa juu, mama, kikielekea ua wa kiwanda."

"Kichukueni. Lakini tukiwa na harusi, mkilete."

Mjomba aliahidi, na mwenye nyumba akaitimiza ahadi ile: kiti kilirudi Siyu kwa mashua kila harusi ilipoitwa, kikapokewa kama mtu wa nyumbani. Kukisuka ndiko kulikotuchosha. Uzi wa pamba ulitaka kuvutwa kwa nguvu moja toka mwanzo hadi mwisho. Mkono ukilegea kwenye mraba mmoja, mgongo mzima unapinda, na mjomba huufumua wote.

Mwaka 1989 Allen alichapisha makala kuhusu viti hivi. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji wetu wa kale kwenye Urithi wa Dunia. Sasa majumba mengi yamenunuliwa na watu wa mbali, nao wanataka yajae vyombo vya Kiswahili. Viti vipya vinavyochongwa Lamu navipenda, vinawalisha vijana wetu. Vya kale vikiletwa karakanani kwangu, namwuliza muuzaji vimetoka nyumba gani na wenyewe wamesemaje. Asiponijibu, sivigusi.