Nilitazama Muvi Nne na Dani, Moja Ikanishinda Kutafsiri

Wiki iliyopita sikuweka kitu hapa na najua kuna wale walidhani nimeacha hii kazi. Sijaacha. Nilikuwa kwa dani yangu, upande wa Homa Bay, mahali ambapo ukitaka netiweki lazima usimame nyuma ya choo na uinue simu juu kama mtu anayeapishwa. Kwa hivyo kabla nitoke Migori nilifanya kile kila mtu hufanya akijua anaenda ocha: nilipitia kwa jamaa wa muvi pale mjini, nikampa flashi, nikamwambia anijazie. Halafu matatu, Awendo, Rongo, ukikata hapo unaelekea Homa Bay, na jioni nikawa nimekaa sebuleni kwa dani na laptopu juu ya stuli.

Watazamaji walikuwa watatu. Mimi, dani, na mdogo wangu wa miaka 11 ambaye anaishi huko na dani. Nitamwita Kipa, kwa sababu hiyo ndiyo kazi anayotaka maishani. Dani Kiingereza hajui, Kiswahili anasikia cha sokoni tu. Kwa hivyo bila kuulizwa nikawa DJ. Unajua vile DJ Afro hufanya, muvi inaenda na yeye anaongea juu yake kwa Kiswahili na Sheng mpaka unasahau waigizaji walikuwa wanasema nini. Uganda wao wana ma-VJ, Tanzania wazee wenu watakuambia kuhusu Lufufu. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa Dholuo, na sauti nilikuwa naikwaruza ili nifanane na mtu wa maana.

Kabla nianze, kuna sheria moja. Kama ulikulia huku kwetu unaijua hata kama hakuna mtu alikufundisha: staring hafi. Anaweza kupigwa risasi, anaweza kuangushwa kutoka kwa ndege, lakini hafi. Kipa anaamini hiyo sheria kuliko vile anaamini hesabu. Ishike, tutairudia.

Ya kwanza ilikuwa Commando, ya 1985. Ndiyo, najua, ni mzee kuliko mimi. Schwarzenegger ni baba aliyestaafu jeshi, binti yake anatekwa, na anaenda kumchukua akiwa peke yake dhidi ya jeshi zima kisiwani. Nikiitazama nikiwa mtu mzima naona mambo ambayo sikuona nikiwa mdogo. Hawa maadui wanapiga risasi kama watu waliofumba macho. Jamaa amesimama wazi katikati ya maua, kifua wazi, hapati hata mkwaruzo wa maana. Dani aliuliza swali moja tu: "Huyu, mama ya mtoto ako wapi?" Sikuwa na jibu. Muvi nzima hakuna mtu anamuuliza huyo baba swali kama hilo. Nampa 7 kati ya 10. Kipa alimpa 10 na akarudia ile sehemu ya kujipaka rangi usoni mara tatu.

Ya pili ilikuwa Nairobi Half Life, ya Tosh Gitonga, 2012. Hii ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya ilipeleka kushindania Oscar ile ya filamu za lugha za kigeni. Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD, na haziuzi hivi hivi, anasimama mbele ya watu anaigiza muvi yenyewe ndio wanunue. Anataka kuwa mwigizaji. Anaenda Nairobi, na siku hiyo hiyo ya kwanza anaporwa kila kitu, kisha analala seli. Huko ndani anakutana na Oti, na kutoka hapo anaishi maisha mawili: mchana mazoezi ya mchezo wa jukwaani, usiku na genge la wizi wa vipuri vya magari.

Sasa wacha niseme ukweli. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, lakini si yote. Nilikuwa nakaa darasani nikiandika video kichwani. Kwa hivyo Mwas namwelewa vizuri sana, hata akifanya ujinga. Watu wengi wakiiongelea hii muvi wanaongea kuhusu Nairobi na wezi wake. Mimi kilichonitisha ni vile Mwas anazoea haraka. Hakuna siku anaamka na kuamua awe mwizi. Ni kitu kidogo leo, kesho kikubwa kidogo, na kila mara kuna sababu inayoeleweka. Joseph Wairimu ameigiza huyo kijana kwa macho, unaona kabisa vile yanabadilika. Na Olwenya Maina kama Oti, manze, huyo unampenda na unamwogopa kwa wakati mmoja. Nampa 9. Dani alilala kabla polisi wafike, na nilishukuru, kwa sababu zile dakika za mwisho sikujua ningezitafsiri vipi kwa nyanya yako. Asubuhi aliuliza, "Yule kijana alirudi kwao?" Nikamwambia bado. Akaniangalia kidogo, akaendelea kuchambua omena.

Ya tatu, Queen of Katwe, 2016, ya Mira Nair. Ni hadithi ya kweli ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe huko Kampala, aliyekuwa anauza mahindi, akajifunza chesi na akafika mashindano ya kimataifa. Lakini nyumba ile hakuna mtu alitazama chesi. Tulitazama Lupita Nyong'o. Anaigiza mama ya Phiona, na mara tu nilipotaja jina dani aliketi wima. "Huyu ni wa Nyong'o?" Ndio dani, wa Nyong'o. Kutoka hapo kila kitu Lupita alifanya kilikuwa sawa. Akigombana na mwenye nyumba, dani anamuunga mkono. Akimkataza mtoto chesi, dani anatikisa kichwa: "Anajua anachofanya."

Hapo nilimpinga. Nilimwambia dani, huyo mama karibu amharibie mtoto bahati kwa uoga. Dani akasema, "Anaogopa mtoto ataonjeshwa kitu halafu anyang'anywe." Nikanyamaza, kwa sababu hiyo ndiyo muvi yote, na mtu asiyesikia Kiingereza aliishika kabla yangu. Nampa 8. Mbili nimekata kwa sababu ya kile Kiingereza. Mtoto wa Katwe na mama yake wanaongea Kiingereza usiku chumbani? Kwa nini? Mngewaacha waongee Kiganda tusome maandishi chini.

Sasa ya nne. Supa Modo, 2018, ya Likarion Wainaina. Hii jamaa wa muvi alinijazia bure, akasema "hii ni ya watoto." Nikaona sawa, Kipa atafurahi.

Jo ana miaka tisa. Anapenda mashujaa wa muvi, wale wanaoruka. Na ni mgonjwa, ule ugonjwa ambao hauponi. Mama yake anamtoa hospitali na kumrudisha nyumbani kijijini kwa siku zilizobaki. Mama anataka akae ndani, apumzike, asiguswe na upepo. Dada yake mkubwa, Mwix, anaona huko ndani mtoto anakufa kabla ya siku yake. Kwa hivyo anamfanya Jo aamini ana nguvu za ajabu, na polepole kijiji kizima kinaingia kwenye huo mchezo, mpaka wanaamua kutengeneza muvi ambayo Jo ndiye staring.

Labda ushaanza kuona shida yangu.

Kipa ana selimundu. Huku wengi tunaiita tu siko seli, na ukanda huu wa ziwa uko na watoto wengi walio nayo. Ni ya kuzaliwa nayo. Madaktari wanaeleza kwamba inahusiana na malaria: mtu aliyerithi hiyo chembe kutoka kwa mzazi mmoja tu anapata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imebaki kwa wingi mahali penye mbu. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumia. Kipa anameza vidonge vya foliki kila siku, anakunywa maji kama samaki, na hatakiwi kupigwa na baridi. Watoto wengi wenye selimundu wakitunzwa wanakua na kuwa watu wazima, na si kwamba yeye ni Jo. Lakini mwaka jana alidaka mpira kwenye mvua, na usiku maumivu yakaanza kwenye mifupa, akalazwa siku tano. Tangu hapo dani amepiga marufuku mpira. Kipa ambaye hadaki. Anakaa kwenye ukuta wa nyumba anatazama wenzake.

Kwa hivyo nimekaa hapo katikati ya hao wawili, natafsiri. Mama kwenye muvi anafunga mlango, na natafsiri. Mwix anamwambia mama yake kwamba mtoto anahitaji kuishi, na hapo sauti ya DJ ikaanza kupotea. Dani hakusema kitu. Kipa hakusema kitu. Nilitamani stima ipotee. Siku zingine zote inapotea, siku hiyo ikakaa.

Halafu mwisho ukafika. Sitajifanya siwezi kukuharibia, muvi ni ya 2018, ulikuwa na muda. Kijiji kinakusanyika kutazama muvi waliyotengeneza na Jo hayuko.

Dani akauliza, "Mtoto ako wapi?"

Na mimi, DJ mkubwa, nikadanganya. Nilisema ameruka. Nilisema amekuwa shujaa wa kweli, ameenda kusaidia watoto wa mahali pengine. Si DJ wote hubadilisha hadithi? Nilijiambia hivyo.

Kipa akanigeukia. Yeye Kiswahili anasikia, maandishi ya Kiingereza anasoma, hakuhitaji DJ hata kidogo. Akasema kwa Dholuo, polepole, "Dani, amekufa. Lakini muvi yake waliimaliza."

Dani akasema, "Najua amekufa. Mimi nimezika watoto wawili. Nilikuwa nataka kuona kama huyu ataniambia."

Huyu ni mimi.

Nimefikiria hiyo jioni sana. Mwix pia alidanganya, na nilikuwa upande wake muvi nzima. Tofauti nadhani ni hii: Jo alijua. Si mtoto mjinga, anajua mwili wake unaenda wapi, na anachagua kucheza huo mchezo pamoja nao. Uongo wa Mwix ulimpa Jo kitu cha kufanya. Uongo wangu ulinisaidia mimi, ndio nisiangalie mdogo wangu usoni. Na marufuku ya dani, samahani dani, nayo ilikuwa na kidogo ya hiyo. Sote wawili tulikuwa tunatibu uoga wetu na kumwambia Kipa ni dawa yake.

Sikumwambia dani hivyo. Mimi si mwendawazimu. Nilimuuliza tu kesho yake kama Kipa anaweza kudaka nusu saa, jua likiwa bado liko, akiwa na chupa ya maji, na akichoka atoke. Kliniki kwenyewe walikuwa wamesema anaweza kucheza mradi asijichoshe, apumzike na anywe maji. Ni sisi tuliosikia "asicheze." Dani alimaliza chai yake yote kabla ajibu. Kisha akasema atakuja mwenyewe.

Na alikuja. Alibeba kiti cha plastiki na sweta, akakaa nyuma ya goli, mlima Asego kwa mbali nyuma yake, na kila dakika kumi alipiga kelele "Pi!" mpaka watoto wa timu zote mbili wakawa wanakunywa maji. Kipa alifungwa mabao manne. Moja lilipita katikati ya miguu yake. Sijawahi kuona mtu akifungwa na kufurahi hivyo.

Usiku huo niliamka mara tatu kumsikiliza. Alikuwa amelala tu, mdomo wazi. Mara ya tatu nilimpata dani pia amesimama mlangoni na tochi. Hatukuongea, kila mtu akarudi kulala.

Kipa aliipa Supa Modo 9. Alikata alama moja kwa sababu hakuna helikopta. Nilimuuliza kuhusu ile sheria, staring hafi, ameiweka wapi. Akasema, "Staring anaweza kufa. Lakini akuwe amecheza."

Nimerudi Migori. Jumamosi ijayo napeleka flashi ingine. Kipa ameagiza yoyote yenye helikopta. Dani ameagiza yoyote yenye Lupita, na amesema DJ asiongeze yake.