Mkaja wa Mama

Siku ya posa ya mjukuu wangu, hapa Mbagala, mshenga alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, orodha ya mahari kaiandika kwenye simu. Kilemba cha baba akakisoma bila taabu. Ubeleko akauvuka. Alipofika kwenye mkaja akakwama, akamwinamia mzee aliyekuja naye. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia, na pazia halizibi masikio.

"Mkaja ndiyo nini, baba? Manukato?"

Wenzangu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilinuna. Kijana anaweka bahasha ya shilingi laki mbili mkekani na hajui analipia nini. Analipia tumbo. Mkaja ni nguo aliyofungwa mama tumboni alipomzaa huyo binti anayeposwa, na pesa ile ni ya kuwakumbusha wote waliokaa pale kwamba bibi harusi hakuokotwa.

Nilizaliwa Kinjumbi, Kilwa, kwa Wamatumbi. Mkaja wa kwanza niliouona ulikuwa wa mama yangu, alipojifungua kitindamimba wetu. Ilikuwa 1964. Cheti chake cha kuzaliwa, kilichokatwa baadaye sana, kinasema 1965, na kaka yangu anaapa kuwa ilikuwa kabla ya yote mawili, kwa sababu anakumbuka tulikuwa tunaokota korosho na yeye alikuwa hajaingia jandoni. Nimeuliza, nimepekua, nimechoka. Tuseme nilikuwa na miaka kumi hivi, na nilikuwa natumwa kuni.

Bibi mzaa mama alihamia chumbani siku ile ile. Baba akatolewa barazani na mkeka wake, wala hakuna aliyemuuliza kama amependa. Alfajiri nilikoka moto, maji yakachemshwa na majani ya mwarobaini na kivumbasi mpaka yakawa na rangi ya chai. Bibi aliyapima kwa kiwiko. Kidole cha mpishi, alisema, kimeshazoea moto, kinadanganya. Kisha anachovya kitambaa, anakikamua, anakibandika kiunoni mwa mama. Mama anavuta pumzi kwa meno, halafu anaiachia taratibu, na mabega yanashuka. Mgongo, nyonga, mapaja, tumbo chini ya kitovu. Baada ya hapo mafuta ya ufuta, maana ufuta kwetu haununuliwi, kila mtu anao shambani. Mwisho ndipo mkaja wenyewe: pande la marekani la pima mbili, linaanzia nyongani, linapanda, kila mzunguko unakazwa, Bibi kaegemeza goti kwenye ubavu wa kitanda cha kamba kama anayefunga mzigo wa safari.

"Tumbo likiachwa wazi linaingia upepo," alisema.

Chini ya kitanda kigae cha makaa, pembeni chetezo cha ubani. Uji wa mtama wenye tangawizi na pilipili manga, mchuzi wa kuku ambao sisi watoto tulipewa mifupa yake tu. Asubuhi na jioni, siku arobaini. Mama hakushika jembe, hakushika mchi, hakuteka maji. Kaburi la mzazi, walisema, liko wazi siku arobaini.

Vingine vyote tulikuwa navyo nyumbani, ila viungo vilitoka Kilwa Kivinje, kwa Mhindi. Baba alinichukua safari ile kwa sababu alitaka mtu wa kumbebea kuku wa kuuza, nami nikapanda lori kwa mara ya kwanza. Duka nililinusa kabla sijaliona. Bizari, magunia, mafuta ya taa, na juu ya vyote mvuje, harufu ya kitunguu saumu kilichooza ndani ya kiatu. Mwenye duka alikuwa Bohora mfupi, kofia nyeupe yenye ukanda wa dhahabu uliochakaa, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Nyuma yake palikuwa na visanduku vya mbao vya kuvuta, hamsini au mia, havina maandishi hata kimoja. Baba aliposema ametumwa dawa za mzazi, yule mzee hakuuliza anataka za shilingi ngapi. Aliuliza, "Mtoto ya ngapi?"

Wa sita, baba akasema.

Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa habari mbaya, akaongeza uwatu. Mkono ulikwenda kwenye visanduku bila macho kuufuata: uwatu, mdalasini, iliki chache, habasoda, manjano, kila kimoja kwenye bumba lake la gazeti. Mvuje aliumega kwa kisu, akaufunga mara tatu, na bado ulitunukia njia nzima. Huo ni wa mtoto, wa kushonewa kitambaa cheusi avae mkononi. Bei ya jumla siikumbuki. Nakumbuka uwatu ulikuwa wa thumuni, kwa sababu baba alilalamika mpaka tunafika nyumbani.

Tulipokuwa tunatoka, mkewe akachungulia kutoka uani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, akamwita baba arudi. Alikuwa na sahani yenye vipande vyeusi vinavyong'aa, sukari guru, samli, tangawizi kavu na gundi ya mti, akavifunga kwenye jani la mgomba. Peleka kwa mama, alisema, kwetu mzazi anakula hii mwezi na robo. Baba akahesabu kwa vidole njiani: mwezi na robo. "Basi ni arobaini ile ile," akasema, akanyamaza hadi lori likasimama. Kipande kimoja nilikiiba. Kiliwasha koo hadi machozi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma kwamba Wahindi wana elimu hiyo kwenye vitabu, wanaiita Ayurveda, na kwamba katika kitabu cha Charaka, cha karne nyingi mno zilizopita, mzazi anaagizwa anyweshwe samli yenye viungo vya jamii ya pilipili manga, tumbo lipakwe mafuta, lizungushiwe nguo ndefu, upepo usipate nafasi. Upepo! Bibi hakujua kusoma hata jina lake. Sidai kwamba alifundishwa na Mhindi, wala kwamba Mhindi alifundishwa na sisi. Pwani ile majahazi yamekwenda na kurudi kwa pepo hizo hizo muda mrefu, na nani alimpa nani uwatu kwanza, mimi sijui kuwaamulia.

Isipokuwa nisimpambe Bibi kupita kiasi. Kitovu cha mtoto alikipaka masizi ya chungu. Mdogo wetu alipona. Mtoto wa shangazi yangu hakupona. Siku ya saba taya lilikaza, akashindwa kunyonya, akawa mgumu kama ukuni, na waliosema ni shetani walikuwa wengi kuliko waliosema ni pepopunda. Sindano za wajawazito zilipokuja vijijini, Bibi aliwafukuza manesi mara mbili. Nawasikia wanaozungumza juu ya dawa za asili kama kwamba zamani hakuna aliyekufa, natamani wangekiona kile kibunda kidogo cheupe kikitolewa mlangoni.

Tulipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, miti ya dawa ya Bibi ilibaki mahame. Duka la Kivinje nilikuta limefungwa, kufuli limeota kutu, wenyewe walishaondoka, wengine wanasema Uingereza, wengine Kanada.

Mimi nilijifungua 1977, hospitali, nitaiacha bila jina. Nesi aliuona mkaja alionifunga mama, akauchana kwa mkasi mbele ya wodi nzima na kuniuliza kama mwalimu mzima sioni haya. Kukandwa kwa maji ya moto alikukataza, na kwa mwenye mshono alikuwa na haki; nimeona mwanamke aliyebabuka ngozi. Lakini mkasi haukuwa na haki. Niliporudi nyumbani mama alinifunga mwingine, wiki mbili tu, kisha nikarudi kufundisha mapema kwa kujitia ushujaa. Kiuno changu kinanidai mpaka leo. Binti yangu alijifungua 1998 huku Dar, mkaja akaufunga siku kumi. Mimi nilikuwa Kinjumbi, masika yameshika barabara, pantoni ya Rufiji ina foleni, nikafika mtoto anacheka.

Huyo mtoto ndiye aliyeposwa. Kajifungua mwezi uliopita, salama, kwa mashine na vipimo ambavyo Bibi angeviita uchawi. Sheria inampa siku 84 za likizo, zaidi ya mara mbili ya arobaini, na zahanati wanamtaka arudi kukaguliwa mpaka siku ya 42. Haya yote mazuri, nayaunga mkono. Ila nyumba ni tupu. Mama yake yuko kazini, shangazi wanatuma pole kwa simu, na mwenyewe siku ya tano nilimkuta anafua.

Siku ya kumi na mbili akaletewa boksi na kijana wa bodaboda. "Bibi, hii ni Ayurveda," akaniambia kwa upole, kama anayemwelimisha mshamba. "Ya kina mama waliojifungua. Inatoka India, ni ya siku arobaini."

Nikavaa miwani. Mafuta ya ufuta, chupa ndogo kuliko ya dawa ya kikohozi. Unga wa uwatu kwenye vidonge. Manjano, tangawizi. Na mkanda wa kunata wa tumbo, rangi ya ngozi ya Mzungu. Nilimuuliza bei, akanitajia. Nusu ya mkaja wa harusi yake.

"Mvuje uko wapi?"

"Mvuje ndiyo nini?"

Sikumjibu. Niliinjika sufuria kwenye gesi, nikatia majani ya mwarobaini niliyochuma kwa jirani, na yalipobadilika rangi nikayapima kwa kiwiko. Alikuwa amejilaza kifudifudi huku anajibu ujumbe wa ofisini. Nikabandika kitambaa kiunoni. Akavuta pumzi kwa meno, simu ikamponyoka ikaanguka chini ya kitanda, ikaanza kuita.

"Bibi, niokotee."

"Maji yanapoa," nikamwambia, nikachovya tena.