Umri wa Kokoto

Ada yangu ya miaka minne ilitoka kwenye nyundo ya mama. Mimi nikamrudishia divisheni ziro. Basi nikawa namfuata kugonga kokoto chini ya Uluguru, Morogoro: yeye nyundo, mimi kujaza madebe. Jua likizidi najificha kivulini na daftari langu la riwaya.

"Mwanangu, hayo maandishi yanalika?" aliniuliza siku moja.

Kujitutumua, nikamtolea jiografia niliyobakiza kichwani: tabaka la chini ndilo kongwe, la juu ndilo changa. Mama akanionyesha jabali lililopasuliwa. Mistari myeusi na myeupe imejikunja kama khanga iliyokamuliwa.

"Haya, chini ni wapi hapo?"

Nikakosa jibu. Nililipata maktaba. Milima yetu imo katika Mkanda wa Msumbiji, jina alilolitumia Mwingereza Arthur Holmes mwaka 1951. Alikuwa amefika Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, kijana wa miaka 21, mfukoni hana kitu, akaambulia malaria. Mwaka huohuo ilichapishwa makala yake ya kupima umri wa miamba kwa urani na risasi.

Miamba ya mkanda huu ilipikwa na kukunjwa huko chini ya ardhi, mpangilio wa tabaka ukavurugika. Inabaki kuuliza punje ndogo za madini ya zirkoni. Punje ikijiunda hupokea urani, risasi huikataa. Urani hugeuka risasi polepole mno, nusu yake kwa miaka bilioni 4.5 hivi. Ukipima vyote viwili utajua ilianza lini. Tena punje moja huweza kutunza umri wa aina mbili: kiini cha zamani, na ganda lililoota wakati wa joto. Joto lile lililoipika Uluguru lilikuwa yapata miaka milioni 640 iliyopita.

Nikarudi mbio kumweleza mama. Akaligeuzageuza jiwe kiganjani.

"Miaka yote hiyo, na debe bei ni ileile?"

Akaligonga.

Usiku nilisoma riwaya yangu ya tajiri wa Oysterbay. Oysterbay kwenyewe sijawahi kufika! Nikazichana kurasa zote arobaini. Ukurasa mpya nikaanza na mkono wa mama, ulioshika nyundo.