Siku tatu ku Lubumbashi na mama watoto

Ndugu musomaji, acha nikuulize neno moja. Mara ya mwisho ulitoka na bibi yako mu safari, hapana juu ya kilio, hapana juu ya hospitali wala ndoa ya watu, ilikuwa lini? Binti wetu mukubwa aliponiuliza vile, nilitafuta jibu nikakosa.

Shee ni watu wa Kolwezi. Mimi natengeneza mitambo yenye kubeba mawe, wiki moja muchana, wiki moja usiku. Mama watoto anauzisha unga na mafuta ku soko. Asubui mimi narudi, yeye anatoka, tunapishana ku mulango. Maneno yetu ilikuwa imebaki kidogo sana: chumvi imeisha, makala imeisha, minervali ya watoto. Mwaka 2023 tulifikisha miaka 25 ya ndoa, na siku kuu ya kazi, tarehe 1 mwezi wa tano, ilikuwa siku ya kwanza. Basi tulikuwa na siku tatu mufululizo. Nilikuwa nimechunga makuta kidogo ya kazi ya ziada.

Mama watoto alikataa. “Makuta ya kutembeza macho, njo tuko nayo? Paa inavuya!” Ni kweli, ilikuwa inavuya, na mpaka sasa inavuya. Lakini alikuja.

Siku ya posho tulipanda basi mbele ya jua kutoka. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometre 300, unapita Likasi. Kando ya njia unahesabu mifuko ya makala kuliko miti. Tulilala ku nyumba ya wageni ya masista: vitanda safi, maji ya moto mu ndoo, na mulango unafungwa saa tatu ya usiku, utake usitake.

Magaribi ile tulienda ku Muze. Mimi niko mutu wa shaba tangu ujana, lakini nilikuwa sijasimama mbele ya musalaba wa shaba wa wazee wetu. Sio musalaba wa kanisa; ni wa zamani kuliko wamisionere. Wazee walichimba mawe ya majani mabichi, ile malakiti, wakayapika na makala na mivukuto, shaba ikatiririka, wakaimwaga ndani ya umbo la musalaba. Ku Sanga, upande wa ziwa Kisale, wenye kuchimbua makaburi ya zamani waliikuta pamoja na wafu. Kwanza ilikuwa mikubwa. Kisha, kadiri miaka inapita, ikawa midogo, ya kuhesabiwa kama makuta. Mwenye kutuongoza akasema: na mali ya bibi walilipa nayo.

Mama watoto akauangalia muda murefu. Kisha, bila kunigeukia, akauliza pole: “Na yangu, baba watoto, ulimaliza?”

Ndugu musomaji, sitakuficha. Sikumaliza. Tulioana 1998, mwaka wa vita, na kule nilikuwa natumika mushahara ulikaa miezi bila kutoka. Nilitoa nusu, nikabakisha mbuzi mbili, koti ya baba mukwe na blanketi ya mama mukwe. Nikasema: “Nitaleta.” Baba mukwe alikufa 2009 bila koti. Kwa miaka yote ile bibi yangu hakusema hata neno moja, na mimi nilifikiri amesahau.

Basi maneno ya muongozi yenye kufuata niliyasikia nusu. Ni yeye, mama watoto, mwenye alinielezea usiku: kwamba mwaka 1946 Mufransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua nyumba ya wachoraji mu muji huu, akawapa vijana rangi lakini hakutaka waige picha za Ulaya. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, Mwenze Kibwanga alijaza picha na mistari midogo midogo, na Bela hakushika burashi: alipakaa na vidole. Huyu Bela ndiye alimupendeza. “Sawa vile mama anapakaa mutoto mafuta,” akasema. Kisha akazima taa.

Siku ya yenga tulisali ku katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, ile ya matofari ya karibu 1920, na kisha tukaingia ku jardin zoologique. Wanyama sitasema mingi. Watoto wa watu waliwafurahia. Sisi tulitafuta kivuli. Tulikula chikanda: ni mizizi ya majani fulani ya pori, inakaushwa, inatwangwa, inapikwa na unga wa karanga na pilipili mpaka inashikamana, unaikata kama mukate. Alikunywa munkoyo, na akanifundisha ginsi ule muzizi uliopondwa unalegeza uji wa mahindi na kuupa utamu, bila sukari. Miaka 25 nakunywa munkoyo wake na sikuwa nimeuliza. Magaribi, michopo ya mbuzi na bukari. (Padri anisamehe, na Simba moja.)

Pale chini ya muti ndipo nilisema. “Nilikuwa na haya. Kila mwaka haya inaongezeka, na mimi nazidi kunyamaza.” Akajibu: “Mimi pia nilikuwa na haya. Ku nyumba kwetu walikuwa wananicheka.” Hatukulia. Tulikaa tu mpaka baridi ikatufukuza.

Siku ya kwanza asubui, katikati ya muji, tulikuta fundi anagonga bati ya shaba na nyundo ndogo, anaitoa mwanamuke na kapu ya muhogo. Nilitoa makuta nimununulie. Akanishika mukono. “Hapana. Tafuta blanketi.”

Tulinunua blanketi nzito, na koti ya mukubwa wake, mwenye anakaa pahali pa baba yao. Hatukufika Kolwezi siku ile. Tulishuka Likasi, kwa mama mukwe.

Sikuingia ndani, kwa heshima. Nilisimama mu kiwanja, kichwa chini, bibi yangu akapeleka mizigo. Mama mukwe akafungua blanketi, akaipima na mikono yake miwili, akapiga makofi mara tatu. Kisha nikasikia sauti yake kutoka ndani:

“Na mbuzi?”

“Mbili zinabakia, mama.”

“Najua,” akasema.