Kutafuta Hazina kwa Kidude

Mwanangu alipoleta chombo cha kuongozea njia na kukibandika kwenye kioo cha mbele cha pikapu yangu kuukuu, nilicheka. Miaka mingi nimefundisha Jiografia kwa dira na ramani ya karatasi ya 1:50,000. Leo mwanamke asiyeonekana aniamuru, "Pinda kushoto"! Lakini nakiri, msomaji, haukupita mwezi nikawa kama mtoto aliyepewa baiskeli. Nilitafuta visingizio vya kwenda Mugumu hata chumvi ikiwapo nyumbani.

Kinachonifurahisha ni hesabu iliyo nyuma ya sauti ile. Setilaiti huzunguka juu yetu umbali wa kilometa 20,000 hivi, kila moja ikitangaza saa yake. Chombo hupima muda ambao mawimbi yametumia safarini, na kwa setilaiti nne hujua kilipo. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiiharibu kwa makusudi ishara waliyowapa raia. Walipoacha, hazikupita siku mbili mtu mmoja huko Oregon akaficha ndoo porini, akatangaza nyuzi na dakika za mahali, na mchezo wa kutafuta hazina ukazaliwa.

Nilikosea kuwasimulia wajukuu. Tangu siku hiyo kila likizo naficha kopo la pipi nyuma ya mawe, nawapa tarakimu, nao huniongoza garini kwa kelele. Ila hapa Robanda neno hazina si la mchezo mtupu. Magofu ya Ngome ya Ikoma, boma la Wajerumani, yako jirani, na wapo wanaoapa kwamba dhahabu iliachwa chini. Niliwaonyesha watoto picha ya sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, kisha nikawakataza kupeleka jembe pale. Walininunia.

Mjukuu wangu wa darasa la sita akauliza, "Babu, wewe ungetafuta nini?"

Sikumjibu siku ile. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini, mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Niliporudi likizo nilikuta mama yuko kwenye nyumba mpya, na ya zamani imebaki porini pamoja na kaburi la mdogo wangu. Mama alikuwa akienda kulifagia mpaka miguu ilipomkataa. Aliniomba niendelee. Nilikuwa na shule ya kuongoza, na ualimu mkuu hauna jioni. Hicho ndicho kisingizio changu.

Tulikwenda mwezi wa nane, pamoja na jirani aliyeshika panga. Barabara ilipokwisha, kioo cha chombo kikawa cheupe, bila hata njia ya ng'ombe. Mama wa ndani akanyamaza. Tukazunguka saa mbili. Mwishowe niliona minyaa ya ua wa zizi, imekuwa miti mirefu kunipita, na chini yake nusu ya jiwe la kusagia. Kutoka hapo miguu ilijua yenyewe. Mawe ya kaburi yalikuwapo, matano juu ya ardhi.

Tulifyeka, tukafagia kwa matawi. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi mahali. Chombo kikaomba jina. Nikaandika la mdogo wangu, herufi moja moja, kidole kikitetemeka.

"Tuache na kopo la pipi?" mjukuu akauliza.

Nikamwambia aache.